Moyo Mgonjwa Hautibiwi kwa Kulala

Mgonjwa wa moyo akirudi nyumbani kutoka hospitali, kitu cha kwanza anachonyang'anywa ni kazi zake. Mama aliyekuwa akiamka alfajiri kuwasha jiko la mkaa anaambiwa asiguse hata sufuria. Baba aliyekuwa akifungua duka saa 1 asubuhi anawekewa kiti barazani na mto mgongoni, na kila akijaribu kusimama anasikia sauti kutoka ndani: "Baba, kaa tu. Unataka nini tukuletee?" Majirani wanaokuja kumjulia hali wanaongea kwa sauti ya chini. Wajukuu wanafukuzwa uani. Yote hayo ni mapenzi, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini miezi 2 ikipita, baba yule anahema kwa kwenda msalani tu, na nyumba nzima inaamini kwamba ugonjwa umezidi.

Mara nyingi kilichozidi ni unyonge wa mwili wenyewe. Misuli ya mapaja na mgongo isipotumiwa hunywea, na misuli iliyonywea hudai damu nyingi zaidi kwa kazi ileile ndogo. Kwa hiyo moyo uliokwisha kudhoofika unatwishwa mzigo ambao haukuwepo. Mgonjwa anachoka upesi, anaogopa, anakaa zaidi, naye akikaa zaidi ananyong'onyea zaidi.

Madaktari wenyewe walichelewa kulijua hili. Hadi katikati ya karne ya 20, mtu aliyepatwa na shambulio la moyo alilazwa kitandani wiki 4 hadi 6, akilishwa na kugeuzwa kama mtoto mchanga, na baadhi ya wagonjwa waliuawa na damu iliyoganda miguuni ikapanda hadi kwenye mapafu. Mwaka 1952, Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 81 ambao waliwatoa kitandani mapema na kuwaketisha kwenye kiti. Wengi wao walipona vizuri, ingawa madaktari wengi waliona ni ukatili. Kisha mwaka 1966, mjini Dallas, vijana 5 wenye afya njema, wa umri wa miaka 20, walikubali kulala kitandani kwa wiki 3 mfululizo ili wapimwe. Uwezo wa miili yao ulishuka kwa zaidi ya robo. Watafiti waliwarudia vijana haohao baada ya miaka 30, wakiwa watu wazima wa miaka 50, wakakuta kwamba zile wiki 3 za kitandani ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Kama kitanda kiliwafanya hivyo vijana wazima, tufikirie kinavyomfanya mgonjwa.

Tiba ya kumrudishia mgonjwa nguvu zake kitaalamu huitwa utengamao wa moyo. Ni mazoezi yanayosimamiwa, mafunzo kuhusu dawa na chakula, pamoja na msaada wa kuondoa hofu, na hufanywa mara 2 au 3 kwa wiki kwa muda wa wiki 8 hadi 12. Faida yake imethibitishwa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya tafiti 85 zenye washiriki zaidi ya 23,000 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya aina hii walipungukiwa na vifo vya moyo, na mashambulio mapya, na kulazwa hospitalini. Hata hivyo, ukihesabu nchi zote za dunia, ni karibu nusu tu zenye huduma hii.

Mazoezi haya hufanywa kwa kikundi kwa sababu hofu ya mgonjwa wa moyo haiondolewi na maneno ya daktari peke yake. Daktari akimwambia atembee, atajibu ndiyo, kisha atarudi kwenye kiti chake. Lakini akimwona mzee mwenzake, aliyepasuliwa kifua miezi 4 iliyopita, anazunguka uwanja akizungumza na kucheka, anaamini. Wajerumani walilitambua hilo mapema: kikundi chao cha kwanza cha moyo kilianzishwa mwaka 1965 katika mji mdogo wa Schorndorf, na leo wana maelfu ya vikundi hivyo mitaani, vinavyokutana kila wiki. Sisi hatuna haja ya kufundishwa kuwa kikundi ni nini. Mama mwenye VICOBA Mbagala au chama huko Kisumu anajua daftari, zamu, faini ya mchelewaji, na aibu ya kukosa kikao bila taarifa. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walionyesha zamani kwamba vikundi humfanya mtu asiache dawa. Ni utaratibu uleule, tukiongeza mashine ya kupima presha.

Ila kikundi chetu hakiwezi kuwa nakala ya kile cha Ulaya. Kule wanaofika wengi ni wastaafu ambao mishipa yao ya moyo imeziba. Utafiti uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwaangalia wagonjwa 427 ambao moyo umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na kwa karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha ya kupanda. Wengine walikuwa na valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, au misuli ya moyo iliyotanuka. Hawa ni watu wenye ada za shule za kulipa. Lengo lao ni kurudi sokoni, shambani, kwenye bodaboda, au kupanda mlima wa kwenda kisimani. Msimamizi mzuri humuuliza mgonjwa siku ya kwanza, "Ni kazi gani unataka uiweze tena?" kisha mazoezi yakapangwa kuelekea huko.

Kabla ya yote, mgonjwa apimwe. Hii ndiyo sehemu isiyorukwa, hata kama kikundi kinafanyika uwanja wa shule. Daktari anatakiwa aangalie majibu ya eko, yaani ultrasaundi ya moyo, na ya kipimo cha umeme wa moyo, presha, mapigo, sukari, uzito, na orodha ya dawa zote, zikiwemo zile za dukani na za miti shamba. Baadaye hufuata kipimo chepesi ambacho nakipenda sana kwa sababu mgonjwa anakielewa mwenyewe: kutembea dakika 6. Hupimwa njia tambarare ya mita 30, mgonjwa akaenda na kurudi kwa mwendo wake, akichoka anaruhusiwa kusimama, na mwisho zinahesabiwa mita alizotembea. Namba hiyo inaandikwa kwenye daftari lake. Tuseme ni mita 280. Baada ya wiki 12 anapimwa tena njia ileile, na akiona 340, hahitaji mtu wa kumshawishi aendelee.

Wapo wanaopaswa kusubiri. Mwenye maumivu ya kifua hata akiwa amekaa, au yanayozidi siku hadi siku; mwenye homa; mwenye presha ya 180 kwa 100 au zaidi asubuhi ya mazoezi; mwenye mapigo yanayokwenda mbio bila mpangilio; anayeona kizunguzungu akisimama; na aliyeongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, kwa kuwa uzito wa ghafla namna hiyo ni maji yanayojikusanya, ishara kwamba moyo unazidiwa. Hao wote warudi kliniki kwanza. Mwenye valvu iliyobana sana asianze mpaka daktari wake wa moyo aseme neno. Aliyefunguliwa kifua ana sharti lake: wiki 6 hadi 8 za kwanza asinyanyue ndoo ya maji, asibebe mtoto mgongoni, asisukume wala kuvuta kitu kizito, kwa kuwa mfupa wa kifua bado unaunga. Akikohoa akumbatie mto. Kutembea anaruhusiwa, na inafaa atembee.

Siku ya kikundi huanza kwa foleni fupi ya vipimo. Kila mmoja anapima uzito, presha na mapigo, anaeleza kama amemeza dawa za asubuhi na kama amekula. Mwenye kisukari ambaye hajala haruhusiwi kuanza. Pwani, wakati mzuri ni asubuhi kabla jua halijawaka, au jioni kuanzia saa 11, kwa sababu joto na jasho hushusha presha ya mtu aliyekwisha kumeza dawa za kushusha presha na za kukojoza.

Kisha mwili unapashwa moto taratibu, dakika 15 nzima. Wengi huona ni kupoteza muda, wakitaka waingie kwenye mazoezi yenyewe. Nawaomba wasiharakishe. Mishipa ya moyo inahitaji muda kupanuka kabla kazi haijaongezeka, na anayeanza kwa ghafla ndiye anayebanwa na kifua. Baada ya hapo huja mzunguko wa vituo: kutembea, kuinuka kitini na kukaa, kupanda ngazi moja na kushuka, kusukuma ukuta kwa mikono, kunyanyua chupa za maji za nusu lita. Dakika chache kila kituo, kisha unahamia kingine, huku miguu ikiendelea kuchezacheza bila kusimama wima kabisa. Mazoezi ya kulala chali hayawafai wengi wenye moyo dhaifu, kwani wakilala pumzi hukata. Kubana pumzi unaponyanyua kitu ni marufuku kwa wote. Hesabu kwa sauti, hutaweza kuibana.

Utajuaje kwamba umefikia kiasi? Usitegemee saa ya mkononi inayohesabu mapigo. Wengi katika kikundi wanatumia dawa kama atenololi, bisoprololi au kavediloli, ambazo huzuia mapigo yasipande, hivyo saa itasema umetulia hata kama umechoka hoi. Kipimo bora ni mdomo wako. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima na mwenzako huku unahema kiasi, hapo ndipo. Ukishindwa kumjibu, punguza. Wataalamu wengine hutumia mizani ya Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, inayoanzia 6, yaani umepumzika, hadi 20, yaani umefika mwisho wa nguvu. Mgonjwa wa moyo kwa kawaida hukaa kati ya 11 na 14.

Mwisho ni kupoza mwili, dakika 10, na hapa ndipo ajali nyingi huzuilika. Ukisimama ghafla, damu hubaki miguuni, presha inaanguka, na mtu anaweza kuzimia au mapigo yakavurugika. Tembea polepole mpaka pumzi irudi. Na usiwahi daladala. Kaa hapohapo angalau robo saa, pimwa tena, ndipo uondoke.

Kifua kikibana katikati ya zoezi, au maumivu yakapanda shingoni, tayani au mkononi, simama na ukae. Kama daktari alikuandikia dawa ya kuweka chini ya ulimi, iweke ukiwa umekaa. Dakika 5 zikipita na maumivu yapo, ni safari ya hospitali, si ya nyumbani, na usiendeshe mwenyewe. Ndiyo maana kila kikundi kiwe na namba ya dereva anayejulikana, na watu wawili au watatu waliofundishwa kubonyeza kifua cha mtu aliyeanguka na kuacha kupumua: katikati ya kifua, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Baada ya mazoezi watu hukaa duara na kuzungumza, na mimi naona hapa ndipo kikundi kinapookoa maisha zaidi. Mtu anasema kwamba miguu ilimuuma juzi akanunua diklofenaki dukani. Muuguzi anamweleza kuwa diklofenaki na ibuprofeni humzuilia mgonjwa wa moyo chumvi na maji mwilini, na zinaweza kumrudisha wodini ndani ya wiki moja. Kwa maumivu ya misuli atumie parasetamoli kwa kipimo chake. Watu 10 wamejifunza kwa kosa la mmoja. Mwingine anakiri kuwa hamezi dawa ya kukojoza siku za safari kwa sababu basi halisimami. Anaelekezwa aongee na daktari kuhusu kubadili saa ya kumeza, badala ya kuiruka. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anauliza kama aache mchicha na matembele. Hana haja ya kuacha. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, maana kinachoharibu kipimo cha damu ni kula rundo leo na kukosa kabisa wiki ijayo. Wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi wanakumbushana tarehe ya sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4. Na mwezi wa Ramadhani unapokaribia, Waislamu wenye moyo dhaifu waulize mapema, kabla ya kuandama mwezi, kama wanaweza kufunga na dawa zipangwe vipi.

Chumvi inastahili kikao kizima. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Wengi wetu tunaapa kwamba hatuongezi chumvi mezani, na ni kweli. Chumvi yetu imejificha kwenye ng'onda, kwenye vidonge vya kukolezea mchuzi, kwenye mkate wa dukani, kwenye kachumbari na chipsi za barabarani. Kikundi kikipika pamoja siku moja, samaki wa kupaka kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na nazi kidogo bila kidonge cha mchuzi, mtu anaonja na kukubali. Karatasi ya ushauri aliyopewa kliniki haikuwahi kumshawishi.

Yapo pia mambo yanayosemwa kwa sauti ndogo. Wanaume wengi hawarudi kwenye tendo la ndoa kwa kuogopa kufa, na wake zao wanaogopa zaidi, lakini hakuna anayeuliza. Kanuni ya kawaida ni kwamba anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kubanwa kifua wala kukata pumzi, anaweza. Ila asitumie dawa za kuongeza nguvu za kiume bila daktari, hasa akiwa na dawa ya chini ya ulimi. Zikikutana hushusha presha kwa kiwango cha kuua. Kwa akina mama waliopata udhaifu wa moyo mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, kuwe na muda wao peke yao na muuguzi mwanamke. Mimba inayofuata inaweza kuuangusha moyo upya, na mama anatakiwa aijue hatari hiyo na apate uzazi wa mpango unaomfaa kabla mama mkwe hajaanza kuuliza mjukuu mwingine yuko wapi. Mume naye aitwe asikie.

Huzuni ni ugonjwa mwingine unaotembea na huu. Mtu halali usiku, hataki kula, anasema yeye ni mzigo. Asiambiwe ajikaze. Hali hiyo ina tiba, na kikundi kikiona mwenzao amenyamaza wiki 2 mfululizo, wamfikishe kwa mtaalamu.

Kama hospitali yako haina kikundi, anzia chumba cha fiziotherapia na kliniki ya moyo. Waeleze kwamba mpo wagonjwa 8 au 10 mnaoishi jirani na mnaomba kupimwa na kupangiwa. Uingereza hutumia kiwango cha msimamizi mmoja aliyefunzwa kwa washiriki 5, nacho ni kiwango cha kukilenga. Vifaa havina gharama kubwa: mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, mizani, viti imara visivyoteleza, saa, na daftari. Anayeishi mbali na hospitali aje siku moja ya kikundi na siku nyingine afanye nyumbani kwa mpango alioandikiwa. Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, njia zote mbili, ya hospitalini na ya nyumbani, zimeshajaribiwa kwa wagonjwa wenye moyo dhaifu.

Mambo mawili yalindwe kwa ukali. La kwanza, mchango wa fedha usiwe sharti la kufanya mazoezi. Nauli ya dharura ichangwe na wenye nacho, lakini aliyekosa elfu moja asibaki nyumbani kwa aibu, kwa sababu huyo ndiye anayekihitaji kikundi kuliko wote. La pili, asiruhusiwe mtu yeyote kuuza kikundini wala kwenye kundi la simu dawa ya "kuzibua mishipa" au "kuondoa presha kabisa", hata kama ni ndugu, hata kama ni kiongozi wa dini. Wagonjwa huacha vidonge vyao kwa ajili ya chupa hizo, na presha yao hurudi kimyakimya. Vilevile dawa haziazimwi. Kidonge kilichomfaa mwenzako kinaweza kukuzimisha wewe.

Nanyi mnaomuuguza, mwachieni kazi anazoziweza. Mama achambue mchele, amwagilie bustani, atembee mpaka kwa jirani kisha mpaka kwenye kona, kila wiki akiongeza nyumba moja. Mmoja wenu amsindikize kwenye kikundi siku za mwanzo na abaki kutazama, ili hofu ya nyumbani nayo ipungue.

Na wewe mgonjwa, siku ya kliniki ijayo, kabla hujapokea tarehe nyingine, mwambie daktari: "Naomba unipime, uniambie naweza kutembea kiasi gani, na kikundi cha mazoezi kiko wapi." Akikuambia hakipo, waulize wagonjwa wawili mliokaa nao kwenye benchi wanaishi mtaa gani.